Paa wa Pande Mbili

Miaka ile ya mwisho ya tisini kazi yangu ilikuwa kuokota mavi ya paa. Wageni wakimuuliza mama, alijibu kwamba binti yake ni daktari, kisha akaleta kahawa haraka. Sikumlaumu. Nani angeeleza mbele ya mashoga zake kwamba mtoto amesomeshwa mpaka chuo kikuu ili akainame jangwani?

Lakini mavi hayo yana habari zote. Punje moja tu hubeba chembe za mnyama mwenyewe, na maabara huzisoma ikajua nasaba yake, nani ndugu wa nani na nani mgeni. Paa wetu walikuwa wakipungua kwa bunduki na mitego, na barabara kuu ilikuwa imewagawa, kundi moja upande wa bahari, jingine upande wa jangwa. Tulitaka kujua kama bado wanavuka na kuzaliana. La baharini lilikuwa limebaki dogo mno, na bila damu ya wenzao lingekwisha. Nililipenda kundi lile kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Jumatano moja nilirudi nyumbani Mawaleh, kitongoji cha jiji letu huku Uarabuni, alasiri na kikapu cha bahasha za karatasi zenye mavi, kila moja imeandikwa upande yalikookotwa. Maabara ilikwishafungwa mpaka Jumamosi, kwa mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa. Ukungu wa pwani ulikuwa umezilowesha, nami nilikuwa hoi. Nikaziacha ukumbini, nikalala kama gogo.

Asubuhi nilimsikia mama akiimba kule juu tunakoanika nguo. Nikapanda. Alikuwa ametandika jamvi, bahasha zote amezimwaga, anazipindua punje kwa kiganja na kuchambua vijiti na kokoto, kama walivyoanika karafuu kwao Pemba. Bahasha tupu alizikunja vizuri pembeni.

"Zimeingia umande, mwanangu. Nnaona zingeoza, nikaziwahi."

"Mama, umezichanganya!"

"Sasa mavi na mavi yana tofauti gani?"

Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo mpaka leo nayaonea haya, kwamba hapa si Pemba, na kwamba ameharibu kitu asichokijua. Alikunja jamvi lake akashuka, akaenda kupika.

Maji yakishamwagika hayazoleki. Aliyevuka hutambulika nasaba yake ikiwa ya upande mmoja na mavi yake yakaokotwa upande wa pili, na mahali palikuwa pamepotea; tena jua lilikwishaziharibu chembe za punje zile. Nilirudi kule mara tatu. Upande wa jangwa niliokota. Upande wa bahari nilitembea mchana kutwa chini ya migunga, nikakuta alama za matairi tu. Kundi lilikuwa limekwisha, na katika ripoti, penye swali letu, niliandika kwamba haijulikani. Nilikuwa na hamu na wale paa kama mtu anavyokuwa na hamu na jamaa aliyeondoka bila kuagwa.

Miezi ikapita ndipo nikamweleza mama. Alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, hakuinua uso.

"Kwani ulikuwa wataka kujua nini hasa?"

"Kama wa upande mmoja wanaweza kuwafikia wenzao."

"Na sasa?"

"Upande mmoja hamna kitu, mama."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Kuvuka si kazi, mwanangu. Kazi ni kufika ukakuta mtu."

Kisha akaendelea na mchele wake. Nami nikakumbuka kwamba miaka michache kabla ya hapo alisafiri kwenda Pemba, mara yake ya kwanza tangu ujana, na masanduku ya zawadi kwa watu wa kwao. Alisema atakaa miezi mitatu. Alirudi baada ya siku tisa, masanduku mawili hayajafunguliwa, nami nilimpokea uwanja wa ndege nikiwa na haraka ya kurudi kazini, wala sikumuuliza kwa nini.