Asubuhi Nyumba Ilipozunguka

Harufu ya ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, wanaokauka juani hunirudisha uani kwetu Kalemie, enzi za Zaire, asubuhi Mama alipoacha kuwageuza akashika ukuta.

"Papa, nyumba inazunguka," alimwambia baba.

Jirani akasema ni njaa tu, anywe chai ya sukari alale. Kizunguzungu kilikuwa kimemshika mara nyingine, kikapita. Lakini safari hii chai ilimwagika upande mmoja wa mdomo, ikashuka shingoni, naye hakujipangusa. Nilipomwita alinijibu maneno yaliyovurugika, kama ulimi si wake. Macho yake yalijaa woga. Sikuwahi kumwona akiogopa.

"Huyu halali hapa!" Papa alisema, akamkalisha juu ya baiskeli. "Mushike nguvu, asianguke!"

Nilimshika mgongo mpaka hospitali, huku mkono wake wa kuume ukining'inia kando ya gurudumu.

Muganga wa pale hospitali alituambia damu ilikuwa imeganda na kuziba mshipa kichwani. Mama alipona, lakini jina langu hakulitamka tena. Aliponitaka, aligonga kitanda kwa mkono wa kushoto, nami nikamkimbilia.