Mkono wa Kengele

Kwa miaka kumi na mmoja Chande alikuwa mpiga kengele wa kanisa la kijiji cha Wema, na kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli. Namna reli ilivyofika mahali ambapo treni haijawahi kufika hata kwa kupotea njia, hakuna aliyeuliza. Ilitundikwa kando ya mlango, Chande akapewa nyundo, na siku hiyo hiyo akaahidi kuuacha msondo wake na ngoma zote. Ahadi aliitimiza. Alipiga mara tatu, akanyamaza, akapiga mara tatu tena, asubuhi na jioni, hata ule mwaka mto Tana ulipofurika ukaingia kijijini na waumini wakaja ibadani kwa mitumbwi.

Mwaka 1956 ikaletwa kengele ya kweli, ya shaba, yenye kamba. Mhubiri alimshukuru Chande kwa maneno mazuri, kisha akamweleza kwamba kamba hata mtoto anaweza kuivuta. Chande akarudi nyumbani na nyundo yake, ambayo hakuna aliyeidai.

Juma lile lile mpunga ukamalizika kuvunwa, na mpiga msondo wa kijiji alikuwa ameshakwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini. Sabdio, mjane wa kaka yake Chande na kiongozi wa wachezaji wa ngoma ya mavuno tangu ujana wao, akaja kusimama mlangoni.

"Shemeji, nasikia umefukuzwa."

"Nimepumzishwa."

"Haya, pumzikia kwenye msondo. Jumamosi alasiri. Ukishindwa tunamwita yule mpigaji wa Idsowe, na huyo akishakuja hatumrudishi kwao."

Ahadi ilikuwa ya mpiga kengele, na yeye si mpiga kengele tena. Chande aliipitia hoja hiyo mara kadhaa, hakuona tundu. Kilichomsumbua ni yule wa Idsowe. Kanisani hahitajiki, msondo nao ukimkataa, atabaki mtu mwenye nyundo.

Jumamosi aliushusha msondo darini, akauwamba ngozi mpya, akauotesha moto wa majani makavu mpaka ukaitika vizuri. Wanawake wakajipanga uwanjani. Chande akapiga mara tatu. Akanyamaza. Akapiga mara tatu.

Mstari mzima ulibaki na mguu mmoja hewani, kama korongo.

"Mzee Chande!" aliita Halkano, Muorma aliyekuwa amenywesha ng'ombe wake mtoni na sasa ameegemea fimbo, akistarehe bure. "Hii ngoma ama naita watu kusali? Mimi Isilamu, lakini nasikia kama naitwa mimi!"

Uwanja ukaangua kicheko. Chande akajaribu tena, na mkono ukafanya vile vile: tatu, kimya, tatu. Alikuwa ameufundisha kwa bidii, na ulikuwa mwanafunzi mwema.

Pale Wema mpigaji akikosea haambiwi. Huimbiwa, na wimbo hauishi mpaka apatie. Sabdio akaanza, wenzake wakapokea:

"Chande wa chuma, tuje na sadaka?
Chande wa chuma, leo Jumapili?"

Walipofika ubeti wa nne, ambao ulihusu kipara chake, jasho lilikuwa linamwingia machoni. Sabdio akamsogelea huku akicheza.

"Kengele ulimpigia mtu ambaye bado yuko kwake," akamwambia. "Sisi tumeshafika, shemeji. Tazama miguu."

Akatazama. Mguu wa kulia wa Sabdio ulikanyaga, na wa kushoto ukafuata, umechelewa kidogo. Ulivunjika kifundo alipokuwa msichana, na ukachelewa tangu hapo. Zamani Chande alikuwa akiusubiri mguu huo bila hata kufikiri. Watu wa Tarasaa waliusifu sana mdundo wa Wema, wakauiga kwa taabu, wakaamini una siri kubwa. Siri ilikuwa ni kwamba shemeji yake anachechemea.

Mkono wa kulia ukapiga. Wa kushoto ukasubiri, ukatua pamoja na ule mguu. Mara ya pili, mara ya tatu, ya nne; kimya hakikuja. Mstari ukashuka wote kwa pamoja na vumbi likapanda. Wimbo wa kejeli ukakatika katikati ya ubeti, na pale Wema sifa nyingine haitolewi. Halkano alisahau ng'ombe wake.

Jua lilipokuwa likielekea kushuka, kengele ya shaba ikalia kanisani. Kila mtu akaitazama mikono ya Chande, na Chande naye akaitazama, akingoja isimame.

Haikusimama. Iliendelea na mguu wa Sabdio, kama kwamba haijawahi kujuana na reli.

Chande akashusha pumzi kwa nguvu hata Sabdio akageuka.

"Una nini tena?"

"Wamepiga mara tano," alisema Chande, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Tano, shemeji! Na hazilingani."