Mbwa Waliolinda Zizi Tupu

Mwaka ule wa sabini na saba Filda hakumwamini mtu, na kama nawe ungekuwa na jina la Kiacholi hapa Kampala, usingemlaumu. Mumewe Okeny, koplo wa polisi, alikuwa amejificha zizini nyuma ya nyumba yao kule Lubaga, chini ya lundo la majani makavu. Polisi wenzake wa Kiacholi walitiwa na watu wa usalama kwenye buti za magari mchana kweupe, na hakuna aliyewaona tena. Majirani waliambiwa Okeny amekwenda Gulu kumzika mjomba. Lakini mazishi gani hayo yasiyokwisha? Watu walishaanza kuuliza.

Katikati ya balaa hilo, Mugisho akamletea mbwa. Huyu Mugisho alikuwa jirani, Mkongomani muuza chumvi na vitenge, mwenye maneno matamu na viatu vinavyong'aa. Viatu kung'aa, mwaka ule! Sabuni yenyewe tulikuwa tunaisikia kwa jina tu, yeye rangi ya viatu kaipata wapi? Filda alikwisha kumhukumu: huyu ni jicho la watu wa usalama.

"Mama Filda," alisema, "hii mbwa mbili ilikuwa ya Mzungu wa kondoo, amerudi kwao. Imezoea kulala na mifugo. Wezi wa mbuzi wamezidi huku. Chukua."

Angekataa, angeulizwa mwenye mbuzi anaogopaje mlinzi. Akachukua.

Mbwa wa namna hii hawafungwi mlangoni mwa nyumba. Huingizwa zizini, wakala humo, wakalala humo, wakanusa mbuzi mpaka wawaone ndugu zao. Filda alifanya hayo yote. Ila kazi ya kuwalisha alimwachia Okeny, maana yeye ndiye aliyeshinda humo. Na Okeny, maskini, alikuwa na kiu ya mtu wa kuzungumza naye! Aliwakuna masikio, akawalisha posho, ugali wa mahindi, kwa mkono wake, akawanong'oneza habari za kwao. Haukupita muda mrefu, mbwa wakatulia kabisa.

Wakatulia kupita kiasi. Asubuhi moja Filda alitoa mbuzi wote kwenda malishoni, mbwa wakagoma. Aliita, akavuta, akatukana kwa Kiacholi. Wapi! Walijilaza mlangoni pa zizi, vichwa juu ya miguu, wala hawakutaka kujua mbuzi wamekwenda wapi.

Mugisho alikuwa amesimama upande wa pili wa ua. "Mama Filda, mbuzi iko kule. Hii mbwa inalinda nini?"

"Mivivu tu!" Filda alijibu. "Imeharibiwa na huyo Mzungu wako."

Mugisho hakucheka. Alilitazama zizi, akamtazama Filda, akageuka na kwenda zake mbio mbio kuelekea barabarani.

Filda alijitosa zizini. "Toka, Okeny! Yule mtu amejua. Kaenda kuwaita!"

"Nitoke niende wapi?" Okeny aliuliza kutoka ndani ya majani. "Kila njia ina askari."

Filda alikaa mlangoni kati ya mbwa wawili, panga mapajani, akimlaani Mkongomani na ukoo wake mzima, akilia kwa hasira na woga. Kila gari lililopita alidhani ndilo.

Mugisho alirudi peke yake, kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa akivuta mbuzi jike kwa kamba, na mguu mmoja wa nyuma wa yule mbuzi ulikuwa umefungwa vijiti na kipande cha kitenge.

"Hii imevunjika mguu!" alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani. "Haiwezi kwenda malishoni na wenzake. Ikae hapa ndani kila siku, mbwa ilinde."

Panga aliliona, hakuuliza. Alimwekea Filda kamba mkononi, akaondoka.

Filda alimwingiza mbuzi ndani, akafunga mlango, akapiga magoti. Aliupapasa ule mguu chini ya kitambaa, kutoka pajani hadi kwatoni. Ulikuwa mzima.