Namba Ngeni na Mwano

Mimi ni fundi simu na naogopa simu. Cheka kwanza, ukimaliza nikueleze.

Simu ya mtu mwingine nikiishika nishaifungua, nishaona ugonjwa wake. Chuo sijakanyaga, nimejifunza kwa kuziua za kwangu. Lakini ya kwangu ikiita, halafu kwenye kioo hakuna jina, namba tupu, naigeuza kioo chini juu ya meza. Na siyo matapeli. Tapeli namtukana mpaka anakata mwenyewe. Ninayemwogopa ni yule anayeanza kwa upole: "Samahani kijana, wewe ni nani yake?" Msiba wa baba ulikuja hivyohivyo. Namba ngeni, sauti ya upole.

Kibanda changu kipo Bariadi mjini, karibu na stendi. Ubao wa nje aliuandika rafiki yangu, dereva bodaboda, kwa rangi iliyobaki alipopaka pikipiki yake. Namba yangu aliikosea, akafuta, akakosea tena, nikamwambia mkono wako unajua breki tu. Huyo jamaa ukimgusa umenigusa mimi. Pale stendi nimegombana na watu kwa ajili yake kuliko nilivyogombana kwa ajili yangu.

Siku hiyo, katikati ya masika, alimpeleka abiria Mwandoya asubuhi. Akaniambia, "Mchana nipo, usimalize ugali." Mchana ukapita. Nikampigia, hapatikani. Huko alikoenda mbingu ilikuwa nyeusi tii, na ile njia ina mito ambayo kiangazi unavuka na viatu, mvua ikinyesha inabeba ng'ombe.

Ndo simu ikaita. Namba ngeni. Nikakata.

Ikaita tena, namba nyingine. Nikakata. Ikaja nyingine tena. Mwenye duka la vitenge jirani yangu akachungulia. "Pokea bwana! Au mume wa mtu keshakujua?"

"Pilipili usiyoila inakuwashia nini?" nikamfokea.

Akacheka, akarudi ndani. Masikini, hakunikosea kitu. Mimi kichwani nilikuwa na jambo moja tu: nisipopokea, rafiki yangu bado yuko hai.

Mama huwa anauza karanga za kuchemsha hapohapo mbele ya kibanda. Alikuwa ananiangalia tu. Ilipoita tena akafuta mikono kwenye kanga.

"Ng'wanawane, mwanangu, mwano ukipigwa kijijini, unauliza kwanza nani anapiga?"

Mwano ni ule ukelele wa hatari wa kwetu Usukumani. Ukiusikia unatoka, hata kama unakula, na wewe unaupiga ili wa mbele yako asikie. Asiyetoka wanamtoza ng'ombe, na ng'ombe ndo nafuu, maana siku yako ikifika nani atatoka?

"Hii siyo mwano, mayu. Hii ni simu."

"Leta hapa."

Akaipokea yeye, akaweka sauti kubwa. "Mwadila," akasalimia.

"Mwadila mayu," ikajibu sauti ya bibi kizee, na nyuma yake watu wengi wanaongea. "Hapo ndo kwa fundi? Kuna mtoto wenu huku, wa pikipiki. Mto ulimchukua."

Nikakaa chini.

"Tumemtoa," bibi akaendelea taratibu. "Mguu umevunjika. Barabara ya huku imekatika, gari haliingii. Njooni na gari upande wenu, maji yakipungua tutawavushia. Haya, ongea naye."

"We mjinga," ikasema sauti ninayoijua kuliko yangu, "simu unapokea lini?"

Nilimtukana. Nilimtukana huku machozi yanashuka, na mwenye duka alikuwa keshawasha kirikuu chake, kigari cha kubebea vitenge, bila kuombwa.

Tulipofika mtoni maji yalikuwa ya kahawia, yananguruma, yanapita na miti mizima. Ng'ambo watu wamesimama kwenye mawe, wengi, kama mnada. Ukipiga kelele husikiki. Nikatoa simu, nikaipiga namba ya kwanza niliyoikata. Ng'ambo kule mwanaume mmoja mwenye jembe begani akaweka mkono sikioni.

"Tunawaona," akasema.

Nikapiga ya pili. Msichana mwenye ndoo akainua mkono. Ya tatu, mchungaji mwenye fimbo, nyuma kabisa. Hawa ndo watu niliokuwa nawakata. Bibi alinieleza baadaye: rafiki yangu simu ilizama, kichwani ana namba moja tu, ile aliyoikosea ubaoni mpaka ikamkaa. Nilipomkatia mmoja, walidhani nimemkataa yule, wakampa jirani namba ajaribu. Hakuna aliyekuwa anamjua. Hakuna aliyeuliza ni mtoto wa nani.

Kila mmoja alipiga, kisha akampa wa mbele yake. Mama alikuwa sahihi kabisa.

Maji yalishuka taratibu, yakaacha povu kwenye nyasi. Wakaingia wanaume, yamewafika kifuani, kitanda cha kamba juu ya vichwa vyao, na juu ya kitanda yule mtu wangu, amefunikwa kanga za watu asiowajua. Mwenye duka alikuwa anatembeza midomo tu, nadhani anaomba dua.

Simu ikaita mkononi. Namba ngeni. Niliiogopa vilevile, nisidanganye. Nikapokea.

"Huyo anakuja," akasema bibi kwa upole, nikamwona ng'ambo, mdogo, amesimama peke yake juu ya jiwe. "Ingia majini umshike upande wa kichwa. Wale wamechoka."

Nikaweka simu juu ya kiti cha kirikuu, nikaingia majini.