Nilishuka kisiwa kisicho chake nikimtafuta kaka yangu mgonjwa

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Kwetu ni Dutwa. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na viwanda vya samaki vikaanza kugombania sangara wa ziwani, vijana wengi waliacha pamba wakakimbilia visiwani. Kaka yangu Masanja naye akaenda.

Zikaja salamu kwamba anaumwa, hali kitu. Simu hakuna. Mama akaniambia, "Nenda kamlete. Vyovyote utakavyomkuta, mlete."

Nikapanda basi hadi Nyashimo, kisha boti. Nilielekezwa nishuke kisiwa cha tatu, chenye msitu.

Sisi watu wa mbuga tumezoea kuona ng'ombe wa jirani toka mbali. Kule visiwa vimefuatana, kimoja kinakificha kingine. Cha kwanza nyasi tupu. Cha pili majabali, meupe kwa kinyesi cha ndege. Kisha msitu, umeshuka hadi majini.

Nikashuka. Boti ikaondoka.

Nikaulizia kambi nzima ya wavuvi, hakuna anayemjua Masanja. Mvuvi mmoja akauliza kama namtafuta yule waliyemzika juzi.

Wakuu, nikamwambia anipeleke.

Alinipeleka pembeni ya msitu. Rundo la mawe, halina hata jina. Nikakaa pale nikiwaza nitamwambia nini mama. Na kisiwani huna pa kukimbilia, kila njia inakurudisha kwenye maji.

Mama mmoja aliyekuwa anawapikia wavuvi akanifuata. Alinisikia lafudhi, akanisalimia Kisukuma. Akasema marehemu alikuwa mzee wa mvi, alikuja peke yake, kwao hakupasema.

Akanipitisha kati ya miti hadi upande wa pili. Kumbe kuna mkondo mwembamba, halafu kisiwa kingine, nacho msitu.

"Ukitokea Nyashimo unaviona kama kimoja," akasema. "Wageni wengi wanaokwenda kile wanashukia hapa."

Akaniombea mtumbwi. Maji ya mkondo yanavuta vibaya, nilivuka nimefumba macho.

Masanja alikuwa chini ya turubai, mifupa mitupu. Aliponiona akauliza:

"Mama hajambo?"

Nikamshika mkono.

Nilirudi naye, akapona, leo ana wajukuu.

Nilichojifunza: visiwani usihesabu, uliza jina.

Ila yule mzee wa kwenye mawe bado ananisumbua. Kama humu kuna ambaye babu au baba yake alienda visiwani miaka ile asirudi, aandike hapa. Nitamwelekeza kisiwa.