Nasor Aliyerudi Majini

Nakumbuka mchana mmoja, mjukuu wangu, miaka ya tisini ndiyo kwanza inaanza, nami kijana wa miaka ishirini na tatu, nina kazi ya serikali hapa Ibra, Oman, na pikapu mpya iliyonitia kiburi. Nilikuwa nampeleka shangazi yangu, Bi Zuwena, Nizwa kuniposea mke, na tulikuwa tumeshachelewa.

Kwetu jua kali, lakini milimani mvua ilinyesha tangu alfajiri. Wewe unaijua wadi: bonde kavu mwaka mzima, siku moja likageuka mto. Pale barabara inapoikatiza alisimama askari mmoja peke yake, anazuia magari. Jina lake Nasor, rika langu, nikimjua kwa sura sokoni. Maji yenyewe yalikuwa hayajafika magotini.

Alikuja dirishani, akatoa salamu, akamwamkia shangazi shikamoo, kisha akaniambia kwa upole, "Ndugu yangu, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Ngoja kidogo."

Shangazi akasema tungoje. Mimi nikamjibu yule askari, "Kazi yako wewe kusimama juani tu. Wenzako tuna shughuli." Alipokwenda kulizuia gari jingine nyuma yetu, nikakanyaga mafuta.

Tulikuwa katikati niliposikia mngurumo kama wa lori linalomwaga mawe. Maji ya udongo yalikuja yamesimama kama ukuta, yamebeba magogo ya mitende. Gari likainuliwa, likazungushwa, likakwama kwenye jabali. Shangazi akaanza kutoa shahada.

Nasor alifunga kamba kwenye gari lake, akajifunga kiunoni, akaingia. Alimbeba shangazi mgongoni, maji yakimfika kifuani, akamfikisha ukingoni. Halafu, mwanangu, akarudi.

Miaka yote hii nalistaajabia hilo. Mara ya kwanza mtu anaweza kuingia kwa kutojua. Mara ya pili alikuwa ameshayaonja yale maji, anajua nguvu zake, na anajua anamrudia nani. Aliponifikia akaifungua kamba kiunoni mwake akanifunga mimi, maana isingetuvuta wawili. Akasema, "Usiyatazame maji. Nitazame mimi." Nikamtazama. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesali.

Watu wa magari aliyoyazuia wakanivuta. Nilipokanyaga nchi kavu nikageuka, nikaona gogo linapita pale alipokuwa, naye hayupo. Walimpata siku ya pili, chini kwenye mashamba ya mitende.

Siku mbili za kwanza za aza, yaani matanga yake, nilijificha nyumbani. Ya tatu shangazi akanishika mkono akanipeleka kwa mama wa marehemu, Bi Rahma, mzaliwa wa Unguja kama shangazi mwenyewe. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba. Nikaanza kueleza habari za haraka, za posa, za maji yalivyodanganya. Akanikatiza.

"Mwanangu alikwambia nini?"

Nikamwambia.

"Nawe ulimjibu nini?"

Shangazi alikuwa anatazama mkeka. Hakuna mwingine aliyelisikia neno lile, na uongo ungeweza kupita. Lakini wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilikuwa nimeshajikwaa. Nikalirudia kama nilivyolisema: kazi yako kusimama juani tu.

Bi Rahma akaivua miwani yake. Kisha akasema, "Kweli. Alikuwa anasimama. Siku ile alisimama kwa ajili yako." Akaifuta miwani yake kwa ncha ya mtandio. "Nimekusamehe. Ila ukihadithia, usilifiche neno hilo. Watu wakimsifu mwanangu, wajue na alivyojibiwa."

Akaagiza niletewe kahawa na tende. Nilikula nyumbani kwake, mwanangu, na kila tende ilikuwa nzito mdomoni.

Posa ilikwenda mwezi mmoja baadaye. Huyo niliyeposewa ndiye bibi yako. Na kila mwaka, wanapotajwa askari waliokufa kazini, mimi husimulia habari hii nzima pamoja na aibu yangu, kama nilivyoagizwa.

Basi nasaha yangu ni hii. Mtu akikuzuia kwa ajili ya roho yako, msikilize, hata kama ni rika lako, hata kama una haraka. Usimdharau kwa kuwa unamwona amesimama tu. Na unapowakumbuka waliokufa wakitulinda, usiishie kwenye sifa zao. Jiulize na wewe uliwatendeaje walipokuwa hai.

Mola amrehemu Nasor na wenziwe waliotoka majumbani mwao asubuhi wasirudi, awape subira mama zao. Nawe akuongoze njia zako zote, akujaalie sikio linalosikia mapema. Amin.