Homa Iliyorudi

Nilitoka Londiani asubuhi moja ya mwaka ule wa homa bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa nimelala siku nyingi juu ya magunia katika banda la wapasua mbao, nikitetemeka, mifupa ikiniuma kama niliyeangukiwa na gogo. Asubuhi hiyo niliamka nikasikia njaa. Njaa kweli kweli! Nikala viazi vya kuchemsha vilivyobaki jana, nikanywa maji baridi, nikatoka nje. Jua lilikuwa limeangukia vilele vya misonobari, na hewa ilinuka utomvu na udongo uliolowa. Nikajua kwamba sitaweza kurudi ndani ya banda lile hata kwa kuvutwa kamba. Nikachukua blanketi na sufuria yangu, nikafika barabarani. Upande mmoja ulielekea Nakuru, ambako nilikuwa nimeshafika. Nikashika upande wa pili.

Ndivyo nilivyokuwa siku hizo. Shule niliiacha darasa la nne kwa sababu barabara ilipita mbele ya dirisha, na mwalimu hakuweza kuniambia inaishia wapi.

Homa yenyewe haikubisha hodi. Mtu alikuwa anasukuma gogo kwenye msumeno akiimba, na kabla ya chakula cha mchana amekaa chini anashika kichwa. Maumivu yalikaa nyuma ya macho. Koo lilikwaruza, kikohozi kilikuwa kikavu, na mwili ulichemka huku meno yakigongana kwa baridi. Ilimpata huyu, ikampata aliyelala karibu naye, mpaka msumeno ukanyamaza kwa kukosa watu. Wengi wetu tuliinuka baada ya siku chache, miguu ikiwa kama ya ndama. Mzee mmoja aliyekuwa na pumu hakuinuka. Tulikunywa uji ule ule, tukalala banda lile lile. Kwa nini yeye na si mimi? Swali hilo ndilo lililokuwa mzigo wangu mzito kuliko sufuria.

Lori la viazi lilinibeba hadi Chepseon. Ilikuwa siku ya soko, lakini soko lilikuwa limehamia kwenye zahanati. Watu walijaa uani wakikohoa, na dresa, mhudumu wa zahanati, mtu mnene wa koti jeupe lililombana tumboni, alikuwa amepanda juu ya kiti ili aonekane.

"Nimesema rudini nyumbani!" alikuwa akipaza sauti. "Mwenye homa na kikohozi tu, lala, kunywa maji, kunywa uji, funika mdomo ukikohoa. Na msiende kumsalimia mgonjwa kama mnakwenda arusi. Mnaingia kumi, mnatoka kumi na homa zenu."

"Sasa nisipoenda kumwona shemeji yangu, atasema nini?" aliuliza mama mmoja.

"Atasema asante akipona. Mwite kutoka nje, mama. Masikio hayana homa."

Watu wakacheka, wengine wakaanza kuondoka. Mimi nikasogea karibu na kile kiti.

"Daktari," nikasema, maana dresa wote walipenda kuitwa hivyo, "kuna mzee alikufa kule Londiani. Sisi tulipona. Kwa nini?"

Akanitazama viatu, yaani akatazama mahali ambapo viatu vingekuwa. "Alikuwa na ugonjwa mwingine?"

"Pumu."

"Basi umejijibu. Homa hii ikimkuta mtu mwenye kifua kibovu, au mzee sana, au mtoto mchanga, au mwanamke mwenye mimba, haichezi. Hao wasingoje nyumbani. Waletwe mapema."

"Na mtu mwenye nguvu?"

"Hata yeye. Akianza kupumua mbiombio kama mbwa aliyekimbia, au kifua kinamchoma, au midomo imekuwa kama amekula zambarau, au anasema maneno yasiyoeleweka, au maji hayapiti, aletwe siku hiyo hiyo."

"Kama homa imeshaondoka?"

Hapo akashuka kwenye kiti, nadhani ili anipate vizuri. "Hiyo ndiyo mbaya. Imeondoka, mtu ameamka, amefurahi, halafu imerudi kwa nguvu na kikohozi kizito. Hapo ugonjwa umeshuka kifuani. Usilale nayo. Una swali lingine, au nikuachie koti?"

Nilikuwa nayo mengi. Nilimuuliza kama mimi naweza kuipata tena, akasema si rahisi kwa sasa, mwili umeshaijua. Nikatoka Chepseon nikiwa kama mtu aliyepewa ufunguo. Nilirudia maneno yale njiani kwa sauti, nikiyapigia hatua, na ng'ombe wa watu wakanigeukia.

Halafu nikaiona chai.

Nilikuwa nimeinywa maisha yangu yote na sikuwahi kuiona imesimama. Nilipopanda kilima kimoja, nchi yote mbele yangu ilikuwa ya kijani cha namna moja, imekatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi, inashuka bondeni na kupanda ng'ambo mpaka macho yanachoka. Katikati yake watu walionekana kuanzia kiunoni tu, vikapu mgongoni, mikono ikienda kama mdomo wa kuku anayedonoa. Nilicheka peke yangu. Niliingia mstari wa kwanza nikang'oa jani, nikalitafuna. Chungu! Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba jani bichi la chai halina harufu ya chai.

Mvua ya Kericho ilinikuta hapo hapo, na ndani yake mawe ya barafu. Nikakimbilia banda la kupimia majani, ambako wachumaji walikuwa wamejibana pamoja na vikapu vyao. Kijana mmoja aliona ninavyotetemeka ndani ya blanketi lililolowa.

"Unatoka wapi, ndugu?"

"Londiani."

"Unakwenda wapi?"

"Hapa, nadhani."

Akacheka. Alisema mvua ikipungua nikakauke motoni kwake, katika laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu. "Lakini usitegemee chai. Mke wangu ana malaria, na mama yangu amekuja kutoka upande wa Sotik kumngojea mjukuu. Amekasirikia kila mtu, hata mvua."

Mjukuu. Neno hilo lilinikaa kichwani.

Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, mlango umefungwa, moto unawaka katikati, moshi mzito. Kando ya ukuta majirani wanawake walikuwa wamekaa kumpa mgonjwa pole. Mgonjwa alikuwa ameegemezwa kwenye gunia la mahindi, tumbo kubwa chini ya mablanketi. Nikamsalimia mama wa yule kijana kwa kumwita Kogo, kama Wakipsigis wanavyomwita nyanya.

"Chamge, Kogo."

"Chamge. Kaa pale, weri, usinidondoshee maji motoni." Weri ni kijana, na mimi nilikuwa na ndevu.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ni malaria. Ilimshika siku chache zilizopita, tukampa kwinini ya dukani, ikamwacha. Jana alisonga ugali mwenyewe, akatucheka. Leo imerudi. Malaria ya hapa ndivyo ilivyo, inakwenda kutembea na kurudi. Tumempa kwinini tena. Kesho itaondoka."

Wale wanawake wakakubali kwa vichwa. Na walikuwa na haki ya kukubali. Katika nchi ile ya vilima malaria ilikuwa mgeni wa kila mwaka, na kila mtu alijua desturi yake: homa leo, nafuu kesho, homa tena. Homa kurudi halikuwa jambo la kumtisha mtu. Kogo alikuwa amewauguza watoto wake wote kwa ujuzi huo, na wamekuwa watu wazima. Lakini mimi nilisikia sauti ya dresa kana kwamba kiti chake kiko pale katikati ya moshi.

"Alianza na kukohoa?" nikauliza.

"Alikohoa kidogo. Moshi."

"Na wewe ulikohoa?" nikamuuliza yule kijana.

"Laini yote ilikohoa."

Nikamtazama mgonjwa. Alikuwa akitazama juu, wala hakututazama sisi. Kila pumzi ilikuwa fupi, na pua yake ilipanuka nayo. Midomo sikuweza kuiona vizuri kwa ajili ya moshi.

"Kogo, hii si malaria. Apelekwe hospitali sasa."

Kogo akanigeukia polepole.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Wewe ni mganga?"

"Hapana, Kogo."

"Una mke? Una mtoto?"

"Sina."

"Umeingia na matope miguuni, hujakauka hata sikio moja, unataka nimtoe nje kwenye mvua mtu anayekaribia kuzaa." Mmoja wa majirani akacheka kwa kejeli. Yule kijana akanitazama mimi, akamtazama mama yake, na niliona kwamba kwa mama yake ndiko atakakosimama.

Sikuwa na koti jeupe. Nilikuwa na kile tu nilichokuwa nimejaribu mwenyewe muda ule nikiwa nimekaa motoni, kwa udadisi wangu wa kawaida: nilikuwa nimejaribu kupumua pamoja na yule mwanamke, anapovuta nami navuta, na kichwa kikaanza kuzunguka.

"Kogo, sisemi neno tena. Nakuomba kitu kimoja. Kaa karibu naye upumue anavyopumua. Ukiweza kumfuata mpaka kuni hii ya motoni iungue ikatike, nitatoka nje niende zangu."

"Huyu ana wazimu," akasema jirani.

Lakini Kogo alikuwa mtu wa kushindana. Akasogeza kigoda, akaweka kiganja kwenye kifua cha mkwewe, akaanza. Tulimtazama sote. Mwanzoni alinitolea macho ya ushindi. Kisha mabega yake yakaanza kupanda na kushuka. Kisha akashika ukuta. Kuni haikuwa imekatika. Akaacha, akahema, na mkono wake bado uko kwenye kile kifua ambacho hakikupumzika.

"Fungua mlango," akasema.

Mlango ulipofunguliwa mwanga uliingia, tukaiona midomo. Haikuwa na rangi ya mtu. Kogo akasema jambo moja kwa Kikipsigis, fupi, na yule kijana akaruka nje mbio.

Hospitali ya shamba ilikuwa karibu na kiwanda, mbali kwa mgonjwa wa kubebwa. Trekta la majani lilikuwa barabarani likipakia mara ya mwisho, trela limejaa magunia. Tulimbeba ndani ya blanketi, wanaume wa laini wakishika pembe, mvua imebaki manyunyu. Dereva akainua mikono.

"Watu hawapandi juu ya majani! Ni sheria!"

"Basi shusha majani," akasema Kogo.

"Mama, nitafukuzwa kazi!"

"Nikupe sababu nzuri ya kufukuzwa." Akashika gunia la kwanza kwa mikono miwili akaliburuta. Gunia lilianguka matopeni. Akashika la pili.

"Acha, acha! Pandeni!" akalia dereva. "Mwinueni kichwa, msimlaze chali! Kogo, shikilia hilo gunia, usinitupie mengine!"

Tulimketisha katikati ya majani, yenye joto kidogo kama kitanda alichotoka mtu. Mume wake akapanda, Kogo akapanda. Nami nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye gurudumu, maana nani angeweza kubaki?

"Wewe, weri, shuka," akasema Kogo. "Kaa nyumbani, moto usizime. Na maziwa yangu kwenye kibuyu usiyaguse!"

Trekta likaondoka likirusha matope. Nikabaki na nyumba ya watu ambao sikuwafahamu asubuhi. Niliacha mlango wazi, moshi ukatoka. Majirani walipokuja nikawaambia wakae nje, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenicheka. Nilikaa mlangoni nikiitazama chai ikigeuka kutoka kijani kuwa nyeusi, nikisikiliza kila mngurumo wa trekta. Nilijua kwamba kama nimekosea, nimempeleka mwanamke mwenye mimba kwenye mvua bure. Kama sikukosea, pengine tumechelewa.

Mwanga ulikuwa karibu kuisha trekta liliporudi, trela tupu. Dereva alisimama bila kuzima injini.

"Londiani!" akaniita hivyo. "Daktari anasema kifua kimejaa. Amempiga sindano, na atapigwa nyingine usiku. Hawajui bado. Lakini amekunywa maji mwenyewe, na mtoto anacheza tumboni, Kogo amemsikia kwa mkono wake. Watalala huko wote."

"Na mimi?"

"Wewe ulale hapa, kesho upeleke uji. Tena Kogo amesema," akakuna kichwa, kana kwamba haamini ujumbe aliopewa, "amesema unywe yale maziwa."

Nilitungua kibuyu kutoka ukutani. Ilikuwa mursik, maziwa ya mgando yaliyochanganywa na mkaa wa mti, baridi, yenye moshi ndani yake. Nilikunywa nimesimama. Kisha nikaweka kuni moja motoni, nikatandika blanketi langu kando ya gunia la mahindi, na mlango nikauacha wazi nusu.